Mshale Unasema 120, Simu Inasema 112: Nani Mkweli?

Ugomvi huu kwa kawaida huanzishwa na abiria. Mmeshaipita Chalinze, barabara ni mkeka, Crown Athlete yako imetulia na mshale umesimama kwenye 120. Aliyekaa kushoto anachungulia simu yake halafu anasema, "Mbona huku inaandika 112?" Unamjibu kwamba simu yake ni ya bei rahisi. Naye anakujibu kwamba gari lako ni la mtumba. Wote wawili mmekosea, na mwongozo huu ni wa kuwaamua.

Kabla hujashika spana, elewa jambo moja. Spidomita haipimi mwendo wa gari. Inahesabu mizunguko ya gurudumu, au ya shafti inayolizungusha gurudumu, kisha inazidisha kwa mzingo wa tairi ambalo kiwanda kilitarajia liwepo pale. Ndiyo maana gari likinasa kwenye mchanga wa ufukweni mshale unaweza kupanda hadi 60 na wewe uko palepale, watoto wanakucheka. Karibu kila tatizo nitakalolitaja limetokana na kitu kilichobadilika kati ya hesabu ile ya kiwandani na lami unayoikanyaga leo.

Pima kwanza, fungua baadaye

Nimeona watu wakibadilisha saa nzima ya dashibodi kwa sababu "inadanganya", kumbe hawakuwahi kupima inadanganya kwa kiasi gani. Kupima hakuhitaji gereji.

Njia ya kwanza ni simu yenye programu ya kuonyesha mwendo kwa GPS. Ni nzuri sana, ila ina masharti: barabara iwe imenyooka, tambarare, mbingu iwe wazi, na mwendo usibadilike kwa sekunde kumi au zaidi. Ukiwa unaongeza au unapunguza mwendo, simu inachelewa na utakachosoma ni cha sekunde iliyopita. Katikati ya maghorofa au kwenye handaki usiiamini kabisa. Anayeisoma awe abiria, wewe macho mbele.

Njia ya pili ni ya wazee na bado haijapitwa: vibao vya kilomita vya pembeni mwa barabara kuu. Shikilia mwendo mmoja, abiria ahesabu sekunde kutoka kibao kimoja hadi kingine, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa. Sekunde 36 ni 100 kamili. Kosa la sekunde moja kwenye 36 linakuharibia hesabu kwa karibu kilomita 3, kwa hiyo pima kilomita tano mfululizo ugawanye sekunde kwa tano. Kwa njia hii utagundua pia kama odomita, ile namba ya kilomita ulizotembea, iko sawa: vibao kumi baada ya kile ulichoanzia vinatakiwa kuwa kilomita kumi.

Njia ya tatu ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD chini ya usukani. Hiki kinakuonyesha mwendo ambao kompyuta ya injini inaujua, kabla haujafika kwenye mshale. Mara nyingi utakuta namba ya kompyuta iko chini ya ile ya mshale na karibu zaidi na ya simu. Usishangae, sababu inakuja sasa hivi.

Andika namba zako mahali: kwenye mshale 50, 80 na 100, halisi ilikuwa ngapi. Bila namba hizo tatu, mengine yote ni kubahatisha.

Mshale uko juu ya simu, na tofauti inakua kwa uwiano

Mshale 52, simu 50. Mshale 84, simu 80. Mshale 105, simu 100. Gari hili ni zima, funga boneti urudi nyumbani.

Spidomita imetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari, inayofuatwa Ulaya na Japani, inasema spidomita hairuhusiwi kamwe kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kuzidisha inaruhusiwa, mwisho wake ukiwa asilimia 10 ya mwendo halisi ukijumlisha kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo ukiwa unakwenda 100 ya kweli, mshale unaweza kuonyesha chochote kati ya 100 na 114 na bado uko ndani ya kanuni. Kwenye 50 ya kweli, mwisho ni 59. Sasa mtengenezaji anajua kwamba tairi zitachakaa, mwenye gari atabadilisha saizi, na mashine yenyewe haiwezi kuwa sahihi kwa nukta. Akilenga katikati ya shabaha atajikuta siku moja amevuka chini. Anaongeza kidogo, na kile kidogo ndicho kinachokugombanisha na abiria wako.

Kwa hesabu hiyo, 120 ya mshale na 112 ya simu ni hali ya kawaida kabisa. Magari yenye namba za kidijitali nayo yako vivyo hivyo. Namba kuonekana kali haina maana ni sahihi zaidi. Ukiwa na kruzi kontroli ukaipanga 110, huenda unakwenda 104.

Kuna kitu kinachoongeza tofauti hii taratibu bila wewe kujua: tairi kuelekea kipara. Tairi mpya ya gari dogo ina kashata za kina cha milimita 8 hivi. Ikifika 1.6, kipenyo kimepungua karibu milimita 13. Kwenye tairi ya kipenyo cha milimita 664 hiyo ni karibu asilimia 2. Tairi inakuwa ndogo, inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na mshale unapanda. Upepo kupungua kidogo hakuleti tofauti kubwa hivyo kwenye spidomita, kwa sababu mkanda wa nyuzi za chuma ndani ya tairi haufupiki. Upepo mdogo una madhara mengine mabaya zaidi, tutayafikia.

Mshale uko chini ya simu

Hapa ndipo pa kutega sikio. Gari lililotoka kiwandani halitakiwi kusoma hivi, kwa hiyo kuna mtu ameligusa. Mara tisa kati ya kumi aliyeligusa ni fundi wa tairi, kwa maagizo yako mwenyewe.

Tufanye hesabu. Saizi ya 215/60R16 imejaa barabarani kwetu. Ilikuja na Forester nyingi za 2003 hadi 2007, na Mark X na Crown za miaka hiyo. Maana yake upana ni milimita 215, ubavu ni asilimia 60 ya upana huo yaani 129, na rimu ni inchi 16 yaani milimita 406.4. Kipenyo: 406.4 jumlisha mbavu mbili, 258, unapata 664.4.

Umenyanyua Forester yako, ukataka ionekane ya kazi, ukafunga 215/70R16. Ubavu sasa ni 150.5, kipenyo ni 707.4. Tairi imekua kwa asilimia 6.5. Kama mwanzoni mshale ulikuwa unazidisha kwa asilimia 4, ule ukarimu wote umeliwa na umeingia kwenye deni: ukienda 100 ya kweli mshale unaonyesha kama 98. Ukishikilia 120 kwenye saa, unakaribia 123.

Ukiangalia vizuri, hiyo si tofauti ya kutisha. Nalisema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba tairi kubwa kidogo inaweza kukukimbiza 30 zaidi ya mshale. Hapana. Kilichopotea ni ule mto laini uliokuwa unakukinga. Zamani ukiruka kidogo juu ya 50 kwenye saa, kwa kweli ulikuwa bado ndani ya 50. Sasa 50 ya mshale ni 51 ya tochi ya trafiki.

Upande wa pili: kijana ameshusha gari, amefunga 225/45R17 kwenye gari lile lile. Kipenyo ni 634.3, imepungua asilimia 4.5. Mshale wake sasa unaonyesha 109 akiwa kwenye 100. Anajisifu kijiweni kwamba gari lake limeongezeka mbio tangu afunge rimu. Mwacheni.

Na rimu kubwa peke yake haina hatia. 225/35R20 ina rimu ya inchi 20, lakini ubavu ni mwembamba na kipenyo kinatoka 665.5, karibu sawa kabisa na cha kiwandani. Linalohesabiwa ni kipenyo cha nje.

Kama hukugusa tairi na bado mshale uko chini, angalia difu, zile gia zinazopokea mzunguko wa propela na kuupeleka magurudumuni. Kwenye magari ambayo sensa ya mwendo iko mkiani mwa giaboksi, kama pikapu nyingi na magari mengi ya zamani yanayosukuma nyuma, ukibadilisha uwiano wa difu unabadilisha hesabu. Aliyetoa difu ya 4.1 akaweka ya 3.7 kwa ajili ya mwendo wa safari, gari lake linakwenda asilimia 10.8 zaidi kwa mzunguko uleule wa propela, na spidomita haina habari. Dawa ni gia ndogo ya plastiki ya kuendesha spidomita yenye idadi tofauti ya meno, au kwenye magari ya sensa ya umeme, kijisanduku cha kusahihisha mapigo ya sensa. Ukinunua gari mkononi mwa mtu, muulize kuhusu difu.

Namba zinazokataa akili

Mshale 60, wewe unayapita magari yote, simu inaandika 97. Hiyo ni saa ya maili. Maili moja ni kilomita 1.609, na 60 za maili ni karibu 97 za kilomita. Magari yaliyotumika Uingereza yana usukani upande wetu na yanaingia Kenya na kwingineko na saa zake za maili, kilomita zikiwa zimeandikwa kwa herufi ndogo ndani. Usiku, ukiwa na usingizi, macho yanakimbilia herufi kubwa. Zile za kidijitali hubadilishwa kwenye menyu kwa dakika moja. Za mshale, bandika alama ya rangi kwenye 31 ya maili (ndiyo 50 yetu) na kwenye 50 ya maili (ndiyo 80).

Kama tofauti si 1.6 wala haifanani na hesabu ya tairi, kuna uwezekano saa imetolewa kwenye gari lingine. Mimi niliwahi kununua Impreza yenye saa nzuri sana ya kung'aa, na kilomita chache za kuvutia. Mshale ulizidisha kwa robo nzima. Aliyeniuzia hakusema kitu, na mimi nilikuwa nimeishaangalia turbo tu. Saa ilitoka kwenye gari ambalo sensa yake ilitoa idadi tofauti ya mapigo kwa kilomita. Nilitafuta saa yenye namba ya kipuri inayolingana na gari, tatizo likaisha, na zile kilomita za kuvutia zikaisha nazo.

Mshale unacheza, unaruka, umekufa

Kwenye gari la zamani lenye waya wa kuzunguka kutoka giaboksi hadi kwenye saa, mshale unaotetemeka kwenye mwendo mdogo na kutulia kwenye mkubwa ni waya uliokauka au uliokunjwa mno. Chomoa, safisha, paka grisi nyepesi, rudisha bila kona kali. Shilingi chache.

Kwenye gari la sensa, angalia kwanza kama kuna dalili nyingine pamoja na mshale. Mshale umelala sifuri, giaboksi ya otomatiki inabadilisha gia kwa kishindo, taa ya injini imewaka na mashine ya kusoma makosa inaandika namba P0500: sensa ya mwendo au waya wake. Anza na soketi ya sensa, mara nyingi ina kutu au mafuta, hasa kwa magari ya Pwani yanayopuliziwa chumvi ya bahari mchana na usiku. Usinunue sensa kabla hujaisafisha soketi.

Mshale umekufa lakini kifaa cha OBD kinaonyesha mwendo vizuri? Basi sensa ni nzima. Tatizo liko kwenye saa yenyewe: kijimota kinachosukuma mshale, au solda iliyopasuka kwenye bodi. Mshale unaogandia palepale kila mara, tuseme 70, au usiorudi sifuri ukizima gari, ni kijimota. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kukusaidia kuliko gereji kubwa.

Hili lifuatalo limewatesa wengi. Umebadilisha beringi ya gurudumu jana, leo taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki) imewaka, na kwenye baadhi ya magari mshale haufanyi kazi. Beringi nyingi za magari ya kisasa zina pete ya sumaku upande mmoja, na sensa ya ABS inasoma pete hiyo. Kwa macho, pande zote mbili zinafanana. Fundi akiigonga kinyume, gurudumu linazunguka vizuri, hakuna mlio, ila sensa haioni kitu. Na beringi ikishagongwa ikaingia, kuitoa mara nyingi ni kuiharibu, kwa hiyo kosa hili ni beringi mpya nyingine. Kabla haijaingia, sogeza kipande cha chuma chepesi, hata klipu ya karatasi, kwenye pande zote mbili: upande unaokinasa ndio unaoangalia sensa.

Gari linagoma kwenye 180

Mshale umefika 180, ghafla injini inakata kama imeishiwa mafuta, inarudi, inakata tena. Mwenye gari anakimbilia pampu ya mafuta na koili. Gari halina ugonjwa. Watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kufunga magari ya soko lao la ndani yasizidi 180, kama walivyokubaliana injini zisitangazwe kuzidi nguvu za farasi 280, makubaliano haya ya pili yakivunjika mwaka 2004. Gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, limekuja na kufuli lake. Nissan GT-R ya R35 ya soko hilo inaruhusu kufuli lifunguliwe pale tu GPS yake inapotambua kwamba iko ndani ya kiwanja cha mashindano. Kwingine kote inagoma. Wajerumani wao, Mercedes, BMW na Audi, walijiwekea 250.

Kumbuka pia kwamba 180 ya mshale ni labda 170 ya kweli. Unaweza kununua kifaa cha kudanganya kompyuta ipitilize. Sikushauri, na sababu zangu hazimo kwenye injini.

Gari lenye nguvu linapolalamika kwenye mwendo

Spidomita iko sawa, umepima. Ila ukipita 100 gari linasema kitu. Lisikilize.

Usukani unatetemeka kati ya 90 na 120 halafu ukizidi unatulia: balansi ya tairi za mbele. Kipimo kimoja cha risasi kimedondoka, au tope limekauka ndani ya rimu baada ya kupita njia ya vumbi. Lioshe kabla ya kulipa balansi. Kama kinachotetemeka ni kiti na si usukani, hamia nyuma, au kwenye propela. Kama mtetemo unakua tu kadiri mwendo unavyoongezeka bila kutulia popote, shuku rimu iliyopinda kwa shimo au tuta. Mtetemo wa wakati wa kukanyaga mafuta tu, ukiachia unaisha, ni jointi ya ndani ya shafti. Wa wakati wa breki tu ni diski. Na rimu za kununua mtaani zenye tundu la katikati kubwa kuliko kitovu cha gari zinaweza kutetemeka hata balansi ikiwa safi. Zinahitaji pete ya kuziba nafasi ile.

Mvumo unaokua na mwendo na kubadilika ukikata kona ni beringi. Ukikata kushoto ukaongezeka, uzito umehamia kulia, basi beringi ya kulia ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Gari linaelea, linahitaji kusahihishwa usukani muda wote, upepo wa lori linalokuja unalisukuma: shokapu zimekwisha, alaimenti imetoka, au limenyanyuliwa kwa spesa na hakuna aliyerekebisha kitu kingine. Forester iliyonyanyuliwa inchi mbili na kufungwa tairi za matope si gari lilelile kwenye 140, hata kama turbo ni ileile.

Sasa tairi, na hapa nitakaa. Soma ubavuni: baada ya saizi kuna namba ya uzito na herufi. Herufi ndiyo mwendo wa juu ambao tairi imejaribiwa kuubeba: Q ni 160, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Nimekuta Crown ya V6 ya lita 3.5, gari la nguvu za farasi 315, imefungwa tairi za Q zilizokusudiwa njia za matope. Mwenyewe alilalamika kwamba gari "linasikika kama helikopta" kwenye 150. Lilikuwa linamuonya.

Kisha tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nene na mwaka wa 2012 ni mpira mkavu. Nyufa ndogo ziko katikati ya kashata, mahali ambapo muuzaji hapaki dawa ya kung'arisha.

Na upepo. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Cha Kijapani kinaandika kPa: 220 ni PSI 32, 230 ni 33 na ushee. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, na ukibeba watu watano na mizigo angalia mstari wa mzigo kamili. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kila inapogusa lami na kujinyoosha inapoondoka. Mwendo ukizidi, haipati muda wa kunyooka kabla ya mzunguko unaofuata. Linatokea wimbi nyuma ya mguso, ubavu unachemka, na mpira wa juu unaachana na mkanda wa chuma. Dereva husimulia kwamba tairi "ilipasuka tu ghafla". Haikuwa ghafla, ilikuwa inapikwa kwa nusu saa.

Breki zina hesabu yake. Chukua sekunde moja na nusu ya kushtuka na breki nzuri kwenye lami kavu. Kwenye 80 utasimama baada ya mita 69 hivi. Kwenye 120, mita 129. Kwenye 160, mita 208, na mita 67 kati ya hizo zimepita mguu wako ukiwa bado haujafika kwenye pedeli. Ng'ombe wa Dumila na punda wa Namanga hawajui hesabu hii.

Pedeli ikiwa laini na ndefu baada ya kushuka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Mafuta haya hunyonya maji hata kwenye hewa, na hewa ya Pwani unaijua. Badilisha kila miaka miwili, na teremka kwa gia, si kwa pedi.

Kuna tatizo moja ambalo halionekani kwenye mashine yoyote. Gari lenye nguvu limetulia, halina kelele, na baada ya saa moja ya 120 macho yanazoea. Unaingia kijijini, unapunguza, unajisikia umekaribia kusimama. Tazama mshale: ni 75. Hapo ndipo spidomita inapofanya kazi yake hasa, maana hisia zako zimeshapotea.

"Tochi ilinionea"

Inawezekana, lakini hesabu haiko upande wako. Rada inasoma sehemu ya mwendo inayoelekea kwake. Trafiki akisimama pembeni kwa pembe ya nyuzi 10, namba yake inapungua kwa asilimia 1.5, kwa nyuzi 20, kwa asilimia 6. Pembe inakusaidia wewe. Na mshale wako, kama tairi ni za kiwandani, unazidisha. Kwa hiyo ikiwa saa ilisema 50 na tochi ikasema 62, rudi juu kabisa, pima kwa vibao vya kilomita, halafu angalia tairi, difu na asili ya saa yako. Au kubali kwamba uliangalia mshale baada ya kumuona trafiki na si kabla.

Ukibadilisha tairi, rudia kipimo wiki hiyohiyo. Mimi nina kipande cha plasta pembeni ya saa, kimeandikwa kwa kalamu: 50=48, 80=77, 100=96. Juzi nimefunga tairi mpya, namba ya mwisho nimeikata na kuandika 98.